Kimya cha Lomvær

Jumanne, 2 Mei 2023

Nimerudi kutoka mjini, nikaipita nyumba yangu mwenyewe bila kuiona. Si uzee. Ni ghadhabu.

Kikao cha waongoza watalii, Storhamn, kabla msimu wa meli haujaanza. Kahawa iliyopoa, skrini pana kupita adabu, na meneja mpya wa ofisi ya safari, Joakim Falch, kijana wa Oslo mwenye viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukanyaga mwani. Akatuonyesha njia ya basi ya mwaka huu. Meli inatia nanga, basi linapakia gatini, linavuka madaraja kwenda visiwani. Daraja la kwanza, kanisa. Daraja la pili, ukumbi wa kijiji, kahawa na mikate myembamba ya viazi. Yote kama zamani, yote ya heshima. Kisha daraja la tatu — Lomvær — na kituo kipya: nyumba ya bata bahari, ndege hai, viotani.

Ndege hai! Viotani! Mwezi wa Mei!

Nyumba hiyo ni ya baba yangu. Anaishi humo sasa dada yangu Borghild, peke yake, na bata ambao mama zao na bibi zao walikuwa wakiatamia chini ya ngazi ya jikoni kwetu kabla mimi sijazaliwa. Hakuna aliyeniuliza. Mimi, Gunnvor Hamnes, ninayekaa umbali wa madaraja mawili tu, nimelisoma jina la nyumba yetu ukutani, kwa herufi za buluu, pamoja na wageni wengine.

Nikasimama. Nimefundisha historia muda mrefu mno kuweza kupinga jambo nikiwa nimeketi. Nikasema, kwa utaratibu, kwamba bata bahari ni ndege wa porini anayekuja kwa hiari yake kuatamia nyumbani kwa mtu, na kumwachia manyoya laini ya kiota chake. Kwamba mapatano hayo yamesimama juu ya jambo moja tu, nalo ni utulivu. Kwamba ndege huyo akishtushwa juu ya mayai huyachafua, huondoka, na mwaka unaofuata hapiti hata karibu. Kwamba zamani kila nyumba ya Lomvær ilikuwa na bata wake na leo imesalia moja. Na kwamba basi zima la wageni katika majuma ya kuatamia si ziara, ni uvamizi. Nikaketi.

Joakim akatabasamu. Akasema ananielewa kabisa — watu wa namna yake siku zote wanakuelewa kabisa — lakini mwenye nyumba amekwisha kukubali.

Mwongo.

Oddmund, dereva wa basi letu, niliyemfundisha darasani akiwa na chunusi, akaniinamia na kuninong'oneza: "Mwalimu, ungempa na kazi ya kufanya nyumbani." Sikucheka. Nimecheka sasa, kidogo, nikiandika.


Jumamosi, 6 Mei

Nimefika Lomvær. Ilinibidi niende kwa miguu yangu, maana simu haipigwi Lomvær tangu bata wapande nchi kavu hadi vifaranga washuke majini. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo baada ya simu kuja; sheria ilikuwepo tayari, inaingoja simu. Borghild huitia simu yake ndani ya soksi na soksi ndani ya kabati la shuka. Akifa mtu, unakwenda langoni, unasimama, unangoja uonekane.

Nikaacha gari darajani. Langoni nikavaa koti la kijivu, lile linaloning'inia msumarini kwa yeyote aingiaye. Bata wamelizoea, na aliye ndani yake si kitu kwao. Hatua fupi. Mikono chini. Mama yetu alikuwa akivua hata funguo kiunoni msimu huu, na pete akaiacha kikombeni dirishani, isigonge ndoo. Hakuna kugonga msumari, hakuna nguo kamba­ni, hakuna bendera mlingotini. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Tulijifunza kunong'ona kabla ya kusema.

Bata walikuwa ndani. Katika vibanda vya mbao zilizookotwa ufukweni, chini ya ngazi, bandani kwenye mashua. Kila mlango mdogo na mdomo wake mmoja ukichungulia.

Nikamkuta dada jikoni, akila mkate na jibini ya kahawia, amenyooka kama kawaida. Alikuwa daktari wa meno wa mkoa huu. Hakuna kinywa visiwani ambacho hajakichungulia, na mpaka leo watu wazima wakimwona hufunga midomo. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mwongo mmoja Storhamn anatumia jina lake.

Akamaliza kutafuna. Akasema si mwongo. Amekubali.

"Hukuniambia," nikasema.

"Ungenihutubia."

Na kweli hotuba ilikuwa tayari kooni.

Kisha yeye ndiye aliyenihutubia, kwa mnong'ono. Akanivuta dirishani. Kwa jirani zetu, akina Ragnfrid, pamefungwa. Wamehamia ng'ambo, karibu na duka. Kwa Edvin pamefungwa. Watoto wake huja Julai na mashine zao za kukata nyasi. Juu ya paa la Edvin, ametulia kama kwake — tai. "Unadhani bata alikuja kwetu kwa kupenda kimya," akasema Borghild. "Kimya anacho huko miambani, tele. Alikuja kwa sababu tai huogopa watu, na kicheche huogopa watu. Watu wameondoka, Gunnvor. Mimi ni mtu mmoja. Mwaka jana tai alichukua bata pale kwenye ngazi, mimi nikiwa naosha vyombo."

Kwa hiyo ameamua kuleta watu. Watu wanaojua kukaa. Ameweka masharti: waje saa ileile kila mara, wachache wachache, wamevaa kijivu, waketi kwenye mabenchi ya ukutani, wasitamke neno. Ofisi imekubali yote.

Nikasema ofisi itakubali yote mpaka siku ya kwanza. Akasema huenda. Nikasema watu wa meli hawajui kukaa. Akasema hata wagonjwa wake hawakujua walipoingia.

Nilikwenda kumwokoa dada yangu, nikamkuta yeye mwenyewe ameshika komeo la lango. Nimerudi nyumbani na hasira ileile, ila sasa imepoteza anwani.


Jumatatu, 8 Mei

Siku ya Ukombozi, ya kukumbuka mwisho wa vita. Bendera kila nyumba, toka daraja la kwanza mpaka la tatu. Kwa dada, mlingoti mtupu.

Jioni Oddmund kanipigia. Makoti ya mvua ya wageni yamefika kutoka ofisini, maboksi kwa maboksi. Kijivu? Nikauliza. Akakohoa. Ni mekundu, mwalimu. Mekundu kama boya. Na mgongoni nembo ya ofisi, kubwa kama sahani.

Nilijua! Anwani imepatikana tena.


Jumatano, 10 Mei

Meli ya kwanza. Mvua nyembamba, ile isiyoanguka bali inayokaa hewani.

Gatini nimewapokea wageni kwa tabasamu langu la kazi. Wengi ni Wajerumani, wastaafu, waungwana, Waingereza kadhaa, wote tayari ndani ya wekundu ule, maana kijana wa ofisi aliwagawia penye ngazi ya meli kama zawadi. Nimeongoza basi zima jekundu kama moto kuvuka madaraja matatu.

Kanisani nimesema yangu. Ukumbini wamekula mikate ya viazi. Kisha daraja la tatu, na nikashika maikrofoni, nikawaambia kwamba hapa hatutashuka. Nikawaeleza kwa nini. Nikasema masharti ya mwenye nyumba yamevunjwa na wale waliowavika, na kwamba mimi, binti wa nyumba ile, siwezi kuwapitisha. Ilikuwa hotuba fupi na, nadhani, nzuri. Wakanisikiliza kwa huzuni kubwa. Bibi mmoja wa Bremen akainua mkono kama mtoto wa shule na kuuliza kama anaweza basi kuangalia kwa mbali, kwa kuwa marehemu mama yake alilala maisha yake yote chini ya mfarishi wa manyoya ya bata hawa, na hajawahi kuwaona.

Hapo Oddmund akainuka kwenye usukani, akavua koti la bibi yule kwa heshima, akaligeuza nje ndani, akamvika tena. Ndani ni kijivu. Kijivu cha jiwe.

"Tumefika, mwalimu," akasema, "au nigeuze basi nalo?"

Basi lote likaanza kuvua na kugeuza. Wazee kwa wazee wakisaidiana mikono, wakicheka, kisha wakinyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Waliingia kikundi kimoja kimoja. Borghild alisimama kwenye ngazi, ameinua kiganja kidogo tu, kama anayesema: funga, usimeze. Wakakaa. Sijapata kuona watu wakikaa namna ile. Bwana mmoja chafya ilimjia, akaiua ndani ya kofia yake. Bata mmoja akatoka chini ya ngazi, akawapita mbele ya viatu vyao, akashuka kunywa, akapanda akarudi. Bibi wa Bremen machozi yalimtiririka na hakuyafuta, maana kufuta ni kuinua mkono.

Tai alikuwa paani kwa Edvin. Akatazama. Akaondoka.

Sina budi kuandika kwamba ilikwenda vizuri. Ilikwenda vizuri licha ya ofisi, si kwa sababu ya ofisi. Nimemwandikia Joakim barua pepe ndefu kuhusu rangi.


Ijumaa, 12 Mei

Basi la pili. Kijivu tangu gatini. Oddmund alipanda melini mwenyewe kuwageuza. Saa ileile, mabenchi yaleyale. Dada ananionyesha kwa kidevu: kibanda kilichokaa kitupu tangu mama afe kina bata ndani yake.

Joakim amejibu barua yangu kwa mstari mmoja. Ananielewa kabisa.


Jumatatu, 15 Mei

Sasa nitaandika polepole, nisitoboe karatasi.

Kikao cha kamati ya Siku ya Katiba, ukumbi wa kijiji. Keki za samaki, bahasha za michango, Ragnfrid mwenyekiti. Mimi nimealikwa kwa kuwa tarehe kumi na saba, siku yenyewe, mimi ndiye msemaji. Tunapitia ratiba: watoto na maandamano, shada kaburini kwa mabaharia, hotuba, mbio za magunia. Kisha Ragnfrid, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa, anasema: na bendi ya matarumbeta ya shule itakwenda kupiga uani kwa Borghild, wageni wa meli wakiwepo, na bendera itapandishwa pale.

Nikadhani sikusikia. Nikauliza nani kaomba. Ofisi ya safari imeomba, juma lililopita. Na Borghild? Ragnfrid akanitazama kwa mshangao. Borghild kakubali basi, kwa hiyo itakuwa kakubali na hili. Nani kamuuliza? Hapo kila mmoja akamtazama mwenzake. Kiongozi wa bendi alidhani Ragnfrid kamuuliza. Ragnfrid alidhani mimi ndiye niliyemuuliza. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa hakuna mtu wa visiwa hivi anayempigia simu mtunza bata mwezi wa Mei, wala anayeingia uani kwake bila sababu ya msiba. Kwa heshima ya kutomsumbua, walikuwa wanampelekea matarumbeta!

Nilisimama. Nilizungumza, naamini, kama sijapata kuzungumza katika ukumbi ule. Nikasema babu zetu walikuwa maskini wa kila kitu isipokuwa kujizuia, na kwa kujizuia huko ndege wa porini alikubali kulala chini ya ngazi zao. Kwamba hatukurithi bata, tulirithi tabia. Na kwamba sasa anatokea mtu wa Oslo, mwuza kimya, anayekipima kwa tiketi, na sisi tunamshikia mizani. Nikasema bendi isivuke daraja la tatu. Bendera isipande. Na bwana Falch, kama anataka shangwe, akapige tarumbeta melini.

Walipiga makofi. Bendi itabaki daraja la pili. Ragnfrid alikuwa mwekundu shingoni.

"Umesema vizuri, Gunnvor," akaniambia mlangoni. "Ila yule kijana ni mpwa wa mume wangu."

Sikujua. Visiwa hivi!


Jumanne, 16 Mei

Joakim kapiga simu asubuhi. Sauti ya upole, ya baridi. Kesho basi litakwenda Lomvær kama kawaida. Ataliongoza yeye mwenyewe. Mimi nina hotuba, nisijisumbue.

Nikamwuliza kuhusu bendera. Akasema wageni wanagawiwa bendera za karatasi gatini, kila mmoja yake, ndiyo desturi ya ofisi tarehe kumi na saba, ila nisiwe na wasiwasi. Nisiwe na wasiwasi! Basi zima la bendera za karatasi, zinazopepea na kupasuka upepo ukivuma, ndani ya ua ambao baba yangu hakuthubutu kukung'uta kofia.

Nilifikiria kwenda kwa dada leo. Lakini leo si siku ya basi, na saa si yake; kuingia uani nje ya saa iliyozoeleka ni kosa lilelile ninalolipinga. Nimekaa. Dada atawafukuza langoni mwenyewe. Ana kiganja kile.

Nimepiga pasi shati la bunad, vazi letu la asili la sikukuu. Nimesugua mapambo yake ya fedha mpaka nikajiona ndani yake.


Jumatano, 17 Mei. Asubuhi

Jua! Bahari kama bati jipya. Bunad imenikaa vizuri kuliko mwaka jana — sufu ya buluu ya mama, mshipi wa vipande vya fedha, viatu vya bizimu, na kifuani ile bizimu kubwa yenye visahani vidogo vinavyoning'inia. Hotuba mfukoni. Nimeisoma kwa sauti mbele ya kioo. Haina neno la ziada.


Siku hiyohiyo. Jikoni kwa dada

Ninaandika kwa sababu nimekatazwa kusema, na nimekatazwa kutoka.

Nilianza hotuba kwa wakati wake. Ukumbi ulijaa, watoto wamekaa sakafuni na aiskrimu zao. Nilikuwa katika aya ya tatu — ile isemayo taifa dogo hujulikana kwa kile linachokataa kukiuza — nilipoliona basi likipita dirishani kuelekea daraja la tatu. Kila kioo, bendera ya karatasi. Kila kioo. Na mbele, amesimama na maikrofoni, Joakim, anacheka.

Sikumaliza sentensi. Miaka yote ya kazi sijapata kuacha sentensi njiani. Nilishuka jukwaani, nikapita katikati ya watoto, nikatoka. Gari langu lilikuwa limezibwa na magari ya waandamanaji. Nikakimbia. Mwanamke mzima, ndani ya sufu, juani, nikavuka daraja na kushika barabara ya changarawe.

Basi lilikuwa limeegeshwa darajani, mahali pake, injini imezimwa. Nililiona hilo. Mlangoni pake palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo bendera za karatasi zimejaa hadi juu, zimelazwa kama maua. Niliiona ndoo pia. Niliona yote, wala sikusimama kuyaelewa. Langoni koti la kijivu lilining'inia msumarini. Nilipita karibu nalo sana, hata mkono wake ulinigusa.

Nikaingia uani nikipaza sauti. Niliwaambia watoke, wote, mara moja. Nilisema mara mbili, kwa lugha mbili, kama mtu aliyesoma.

Walikuwa wameketi. Mabenchi yote, kijivu kitupu, mikono magotini. Joakim alikuwa mwishoni kabisa, amegeuza koti lake, amevua viatu vyake vyeupe na kubaki na soksi. Hakuna bendera. Hakuna neno. Uani mote mlikuwa na sauti yangu, na chini ya sauti yangu sauti nyingine, nyembamba, ya haraka, kama vijiko vinavyotikiswa sandukuni. Nikageuka kutafuta nani anayeleta kelele ile. Ilikuwa kifuani kwangu.

Bata wakainuka. Kwanza yule wa chini ya ngazi. Kisha wa vibandani, mmoja mmoja, kisha wote pamoja, kwa uzito ule wa ndege asiyependa kuruka, mabawa yakipiga milango midogo. Wa bandani wakatoka juu ya mashua. Wakapita vichwani mwa wageni mpaka majini. Harufu ya mayai yaliyochafuliwa ilinifikia pale niliposimama. Naijua tangu utoto. Niliinusa mara moja tu, mbwa wa mtu alipoingia uani.

Hakuna aliyenyanyuka. Borghild alikuwa ngazini, kiganja kimeinuliwa, nacho hakikutetemeka. Aliwashika wote kwa kiganja hicho. Alinitazama mimi kama mgonjwa aliyemng'ata.

Kisha akaanza kuzunguka, polepole, kibanda kwa kibanda, akiyafunika mayai kwa manyoya yaleyale waliyoyaacha mama zao, yasipoe. Aliponifikia alisema kwa mnong'ono:

"Nenda jikoni. Vua fedha."

Nimevua. Mshipi. Bizimu za viatu. Ile kubwa. Nimevilaza kwenye kitambaa, kimoja baada ya kingine, nikizuia kila kisahani kwa kidole. Mezani kuna kikombe. Pete ya mama ingali ndani yake.

Dada aliingia baadaye kuchukua kitambaa cha sufu. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba mambo yamepangwa. Akasema hakukuwa na la kupanga. Jana yule kijana alikuja. Alisimama langoni, kwenye mvua, hakuita, mpaka yeye alipomwona. Akauliza kuhusu bendi, akaambiwa hapana. Akauliza kuhusu bendera, akaambiwa hapana. Akasema sawa, akaondoka. Sisi wote tuliozaliwa hapa tulimheshimu Borghild hadi hatukumuuliza. Yeye aliuliza.

"Angeniambia," nikasema. "Alinipigia asubuhi ileile. Angenipigia tena."

"Ulimwita mwuza kimya mbele ya ukumbi mzima, mdogo wangu. Ragnfrid alimpa neno kwa neno."

Bado nina hasira! Nataka iandikwe. Bendera zisingegawiwa gatini kama kungekuwa na akili ofisini. Ragnfrid angesema mapema yule ni mpwa wa nani. Oddmund angeweza kuniambia. Naendelea kuwataja, na ukimtoa Ragnfrid, kila ninayemtaja yuko pale nje, ameketi, hasogei.

Kwa maana ndivyo ilivyo sasa. Saa ya kuondoka imepita. Meli ina ratiba yake na haimngoji mtu. Simu ya Joakim ilitetema mara moja. Nilimwona kupitia dirisha akivua soksi moja, akaitia simu humo, akaikalia. Nani kamfundisha? Oddmund amekuja langoni, ndani ya koti la kijivu, ameonyesha saa mkononi. Borghild ametikisa kichwa. Oddmund ameangalia juu, akaelewa, naye akaketi chini palepale nyasini.

Tai amerudi paani kwa Edvin. Wawili leo. Mayai yote yako chini, chini ya manyoya tu, bila mama. Wageni wakinyanyuka kwenda kuikimbilia meli yao, ua utakuwa mtupu, na tai watayamaliza kwa muda mfupi sana. Wote uani wanajua. Hakuna aliyewaambia, wamefuata macho ya dada yangu hadi paani, wakakaa tena vizuri. Mzee mmoja mwenye fimbo ana miguu inayomtetemeka, na mkewe ameuweka mkono juu ya goti lake, ameushikilia pale.

Bata wako majini, nje kidogo ya jiwe kubwa. Wamefanya duara. Vichwa vyao vyote vimeelekea huku.

Nilitaka kutoka niwashukuru. Nilikuwa nimekwisha kuipanga, sentensi nne tu. Borghild hakuniruhusu hata kugusa komeo.

Mmoja amepanda mwani. Wa chini ya ngazi, namjua kwa bawa. Amesimama. Anatazama mabenchi, na mabenchi hayapumui. Sasa anatembea. Amepita viatu vya mzee yule. Amefika karibu na ngazi, chini ya dirisha hili hili, na amesimama tena, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza kitu.

Dada ameligeukia dirisha. Ananitazama mkono. Ameinua kidole. Kalamu yangu, inaonekana, nayo ina